Kununua gari ugenini: Tusione haya kukagua wala kuandika



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumechagua kuzungumzia ununuzi wa gari lililokwisha kutumika, hususan kwa Muislamu anayeishi nchi ya watu. Huenda ukajiuliza gari la mtumba limeingiaje katika ukurasa huu. Jibu ni jepesi. Kuuza na kununua ni katika mu'amalaat, na dini yetu haikuuacha mlango wa soko bila mlinzi. Isitoshe, familia nyingi za Pwani na Visiwani, na hata za bara, zina mtoto, kaka au shemeji aliyeko ughaibuni, na senti anayoihangaikia huko ndiyo ada ya shule na dawa ya bibi huku nyumbani. Akidhulumiwa yeye, tumedhulumika sote.

Tuchukue mfano. Kijana ameondoka Tanga kwenda Uingereza na amepata kazi ya zamu ya usiku katika ghala lililo nje ya mji, mahali ambapo basi la mwisho hupita kabla zamu haijaisha. Kwake yeye gari si fahari, ni chombo cha kutafutia riziki. Mkopo wenye riba anauogopa, na hata angeutaka, benki haimjui. Basi anadunduliza, anacheza upatu na wenzake, mpaka anafikisha paundi 2,500. Siku moja baada ya swala ya Ijumaa anaambiwa kuwa kuna ndugu, tena mtu wa kwao kabisa, anauza gari.

Wanakutana usiku baada ya Isha. Gari limeoshwa, linang'aa chini ya taa ya barabarani. Kijana anatamani kufunua boneti, lakini anaona haya. Mtu huyu ni mkubwa wake kwa umri, na amemkaribisha kwa chai na maandazi. Anatamani kuuliza hati, anaona haya zaidi. Pesa zinatolewa taslimu, dua inasomwa, ufunguo unakabidhiwa. Mwezi haujaisha, injini inaanza kutoa moshi. Wiki chache baadaye inakuja barua kwamba gari hilo limewekwa dhamana kwa deni ambalo mwenyewe wa kwanza hakulimaliza. Simu ya muuzaji haipokelewi. Na kule Tanga mama anajiuliza kwa nini mwezi huu mwanawe hakutuma kitu, wala hathubutu kumwuliza.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini hakuna sehemu yake hata moja isiyoweza kutokea. Na ukikitazama vizuri utaona kwamba kilichomponza kijana si ujinga, kwani alijua kuwa gari hukaguliwa. Kilichomponza ni haya iliyowekwa mahali pasipo pake. Haya ni katika imani, hilo halina ubishi. Lakini haya inayomzuia mtu kulinda mali aliyoichuma kwa jasho la halali, na inayompa mwenzake nafasi ya kuingia katika dhuluma, hiyo si haya tuliyofundishwa. Udugu hauondoi wajibu wa kukagua. Bali kukagua na kuandika ndiko kunakouhifadhi udugu usivunjike.

Tuanze na dini inavyotufundisha. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomwuliza mwenye mali, yule bwana akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatoa onyo kali kwamba mwenye kughushi si pamoja naye. Ndugu msomaji, tafakari jambo moja katika hadithi hii ambalo aghalabu tunalipita. Mtume (S.A.W.) hakuridhika na kutazama juu ya lundo. Alitia mkono ndani. Na mwenye mali alikuwa Muislamu, katika soko la Waislamu, wakati wa Mtume mwenyewe. Ikiwa huko mkono ulitiwa, sisi ni nani hata tuone aibu kufunua boneti?

Wanazuoni wa fiqhi nao wamelipa jambo hili mlango wake. Mnunuzi akigundua aibu ya zamani katika bidhaa, aibu inayopunguza thamani yake na ambayo hakuelezwa wakati wa kuuziana, ana haki ya kuirejesha. Haki hiyo huitwa khiyaar al-'ayb. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba wauzianao wana hiari maadamu hawajaachana. Wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa. Hivyo basi, kubainisha ni wajibu wa muuzaji, na kuuliza si kumtuhumu bali ni kumsaidia autimize wajibu wake.

Sasa tuangalie hali ilivyo huko Uingereza, nchi ambayo wenzetu wengi huishi, katika miji kama London, Leicester na Birmingham. Jambo la kwanza ambalo mgeni hulikosea ni hati. Gari huko huwa na hati ya usajili iitwayo V5C, itolewayo na DVLA, mamlaka ya usajili wa magari na madereva iliyoko Swansea. Wengi wetu tuliozoea kadi ya gari ya huku nyumbani hudhani kwamba mwenye hati ile ndiye mwenye gari. Sivyo. Hati yenyewe imeandikwa wazi kuwa si ushahidi wa umiliki. Inaonyesha tu ni nani aliyesajiliwa kuwa mtunzaji wa gari, yaani anayewajibika kwa kodi na faini zake. Mtunzaji aweza kuwa mtu mmoja, na mwenye mali akawa mwingine kabisa, mathalani kampuni ya mikopo.

Kwa sababu hiyo hati ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Jina lililomo lilingane na la anayeuza. Anuani iliyomo iwe ndiyo nyumba unayoonyeshwa gari, wala usikubali kukutana kwenye maegesho ya duka au kando ya barabara kuu. Namba ya chasisi iliyochapwa kwenye gari ilingane na iliyoandikwa kwenye hati. Asiye na hati, akasema itakuja kwa posta wiki ijayo, mwambie kwa upole kwamba nawe utakuja na pesa wiki ijayo. Na mkishakubaliana, muuzaji huijulisha DVLA kwamba gari limehamia kwako, nawe hupewa kipande cha kijani cha hati hiyo ukae nacho hadi hati mpya yenye jina lako ifike. Kusajiliwa huko hakuhitaji uraia. Kunahitaji jina na anuani ya kweli.

Jambo la pili ni ukaguzi wa MOT. Huko Uingereza, gari likishatimiza miaka mitatu tangu kusajiliwa, hulazimika kukaguliwa kila mwaka kama linafaa kuwa barabarani. Ireland ya Kaskazini ndiyo husubiri miaka minne. Neema iliyopo ni kwamba historia ya ukaguzi huo hutazamwa bure kwenye intaneti kwa kuingiza namba ya gari tu. Humo utaona lilifaulu lini, lilifeli kwa nini, na ni mambo gani fundi aliyaonya ingawa hayakulifelisha. Utaona pia maili zilizosomwa kwenye mita kila mwaka. Ikiwa miaka miwili iliyopita mita ilisoma maili 110,000 na leo muuzaji anakuonyesha 82,000, huna haja ya kubishana naye. Mita imerudishwa nyuma. Muage uende zako.

Lakini tahadhari. Cheti cha MOT si dhamana ya uzima wa gari. Ukaguzi ule hutazama breki, taa, usukani, matairi, kutu, moshi na mengineyo ya usalama, lakini hauchunguzi hali ya injini, klachi wala giaboksi. Gari laweza kufaulu Jumatatu na kufa giaboksi Jumatano. Hivyo kijana wetu amchukue fundi ambaye hana uhusiano na muuzaji, amlipe ujira wake, na walione gari mchana, pakiwa pakavu, injini ikiwa baridi. Mvua huficha mikwaruzo, na injini iliyokwisha pashwa moto kabla hujafika huficha ugumu wake wa kuwaka. Moshi wa buluu ni dalili ya injini kula oili. Moshi mweupe usiokatika, wenye harufu tamu, ni dalili kwamba maji ya kupoozea yanaingia kusikostahili. Taa za tahadhari kwenye dashibodi ziwake unapofungua swichi kisha zizimike. Taa ya injini isiyowaka kabisa huenda imezimwa na mtu makusudi.

Lipo pia jambo ambalo mtu aliyekulia nchi za joto hawezi kulijua mpaka aambiwe. Wakati wa baridi barabara za huko humwagwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu na kukaa chini ya gari, ikayala mabomba ya breki na fremu polepole. Juu rangi inang'aa, chini pamekuwa kama bati la zamani la ufukweni. Mpwani hahitaji kuelezwa chumvi inavyokula chuma. Anahitaji tu kukumbushwa ainame na kurunzi atazame chini.

Jambo la tatu, na ndilo linaloumiza zaidi, ni deni lililojificha ndani ya gari. Magari mengi huko hununuliwa kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, na katika mikataba mingi gari hubaki kuwa mali ya kampuni ya mikopo mpaka malipo ya mwisho. Anayekuuzia gari kama hilo anakuuzia asichokimiliki. Sheria ya huko ya mwaka 1964 humlinda mnunuzi binafsi aliyelinunua kwa nia njema bila kujua kwamba liko chini ya mkataba wa namna hiyo. Lakini upo mkopo mwingine, ambao mtu hukopa pesa kwa kuweka dhamana gari alilokwisha kulinunua. Mkopo huo, katika England na Wales, unategemea sheria za karne ya 19, za mwaka 1878 na 1882, na hapo mnunuzi wa baadaye hana kinga ile. Akopaye akishindwa kulipa, gari laweza kuchukuliwa mlangoni kwako ingawa wewe hudaiwi na mtu. Na lililoibwa, hilo hurudi kwa mwenyewe, nawe hubaki na risiti.

Dawa ya maradhi hayo ni nafuu. Zipo kampuni zinazotoa taarifa ya gari kwa ada isiyofika hata thamani ya tairi moja. Taarifa hiyo hueleza kama gari lina deni, kama limeripotiwa kuibwa, na kama limewahi kufutwa na kampuni ya bima baada ya ajali. Tangu Oktoba 2017 magari yaliyofutwa hupangwa kwa herufi. A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani kabisa. S ni lililoumia katika mwili wake mkuu, na N ni lililoharibika lakini si katika mwili huo. Haya mawili huweza kutengenezwa na kurudi barabarani. Kununua gari la S au N si haramu wala si kosa, mradi umeambiwa, bei imeshuka kwa kiasi chake, na fundi ameridhika na ukarabati wake. Haramu ni kufichwa.

Jambo la nne ni kujua unanunua kwa nani. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 hukupa siku 30 za kulirudisha gari na kurejeshewa pesa zako likibainika kuwa na kasoro iliyokuwapo tangu ulipolichukua. Ndugu msomaji, tazama jinsi sheria hiyo inavyokaribiana na ile khiyaar ya mafaqihi wetu. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga hiyo hupungua sana. Anachowajibika nacho ni kuwa na haki ya kuuza na kutolieleza gari kwa uongo. Kwa hiyo wapo wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi ili waikwepe sheria. Ukimwona mtu anauza gari la tatu mwezi huu, na hakuna hata moja lililo kwa jina lake, ujue ni yadi isiyo na kibao.

Baada ya gari huja bima, na hapa mgeni hushtuka. Bima ya angalau kuwalipa wengine utakaowadhuru ni lazima kwa sheria, na mgeni hutozwa sana kwa sababu aghalabu miaka aliyoendesha salama kwao haihesabiwi. Bima ya mwaka mmoja yaweza kuikaribia au kuipita bei ya gari lenyewe. Uzito huo umewafanya baadhi ya ndugu zetu waingie njia mbili zisizofaa. Wengine huandikisha gari na bima kwa jina la mtu mwenye umri na rekodi nzuri, ilhali mwendeshaji wa kila siku ni wao. Na wengine huandika anuani ya kijiji cha mbali kwa kuwa bima yake ni rahisi. Huo ni uongo katika mkataba, na sheria inauita udanganyifu. Siku ya ajali kampuni ikiubaini, bima huweza kubatilishwa, na anayeingia matatani ni pamoja na yule mzee aliyekubali jina lake litumike kwa wema tu.

Njia ya pili ni madalali bandia wa bima. Hawa hujitangaza katika mitandao ya kijamii na vijiweni, huzungumza lugha yako, na hukuuzia bima kwa nusu ya bei. Karatasi unapewa, lakini nyuma yake hakuna kitu; au waliinunua kwa taarifa za uongo kisha wakaifuta siku ya pili. Polisi wa huko hawategemei karatasi pekee, kamera zao husoma namba ya gari na kuitafuta katika orodha ya magari yenye bima. Asiye na bima huweza kutozwa paundi 300 na kuwekewa pointi 6 katika leseni, na gari lake kuchukuliwa hapo hapo. Tena, aliyefaulu mtihani wa udereva wa huko chini ya miaka miwili iliyopita, akifikisha pointi 6 leseni yake hufutwa. Na maombi ya uraia huulizia makosa ya mahakamani, hata yale ya barabarani. Nusu bei ile imekuwa ghali kuliko bei nzima.

Leseni nayo ina muda wake. Mwenye leseni ya Tanzania huruhusiwa kuendesha kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Baada ya hapo hana budi kufanya mitihani na kupata leseni ya huko. Wengi hujidanganya kwamba, kwa kuwa kule nako hupita kushoto kama kwetu, hakuna cha kujifunza. Na kabla hajachagua gari, aulize hewa. London, tangu Agosti 29, 2023, mitaa yake yote imo katika eneo la kudhibiti moshi, na gari lisilofikia kiwango hutozwa paundi 12.50 kwa siku linapoendeshwa. Kwa kawaida gari la petroli la kuanzia mwaka 2006, na la dizeli la kuanzia Septemba 2015, hufikia kiwango hicho. Dizeli kuukuu ya bei poa, kwa mtu aendaye kazini siku tano, ni paundi 62.50 kila wiki. Bei ya gari si ile unayolipa siku ya kwanza.

Tumezungumza na mnunuzi. Sasa tumgeukie muuzaji, kwani naye ni ndugu yetu, na pengine anatusoma. Ewe unayemuuzia mgeni gari lako, unajua mengi asiyoyajua yeye. Unajua lile onyo la fundi kuhusu breki. Unajua giaboksi inavyogoma asubuhi. Kunyamaza kwako si biashara, ni kuifukia nafaka iliyolowa chini ya kavu. Mwambie. Punguza bei kwa kadiri ya kasoro. Akiondoka akijua alichokinunua, dua yake itakufuata. Akiondoka amedanganywa, dua yake itakufuata vilevile, nawe unajua dua ya aliyedhulumiwa ilivyo nyepesi kufika.

Tukija kwenye kuandika, jambo linalovunja urafiki kuliko yote ni gari la kulipana kidogo kidogo. Mtu anamwambia mwenzake, nipe paundi 1,200 leo, zilizobaki utanipa taratibu. Taratibu ni miezi mingapi? Gari likiharibika kabla deni halijaisha, ni juu ya nani? Hakuna ajuaye, kwa sababu waliona haya kuandika. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani Tukufu, inahusu jambo hili hili. Deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Biashara ya papo kwa papo si kosa isipoandikwa, ila tumetakiwa tushuhudishe tunapouziana. Mola aliyetuumba na kuufahamu udugu wetu ndiye aliyeamrisha kalamu iwepo baina ya ndugu. Je, sisi tuna udugu kumzidi Yeye anavyoujua?

Na karatasi yenyewe si kubwa. Tarehe, majina na anuani za pande mbili, namba ya gari na ya chasisi, maili zilizo kwenye mita, bei, kilicholipwa na kilichobaki na lini kitakwisha, kasoro zilizoelezwa, na saini za wote pamoja na mashahidi. Nakala mbili, kila mmoja na yake. Malipo yapite benki ili yaache alama. Kazi yote ni ya robo saa.

Huenda msomaji akasema, mwanangu hayuko Uingereza, yuko Muscat au Dubai. Taratibu za nchi hutofautiana, lakini msingi haubadiliki. Huko Oman na Falme za Kiarabu kadi ya gari huitwa mulkiya, neno lenye asili moja na milki, na gari huhamishwa kwa mnunuzi kupitia ofisi rasmi, bima ikiwa tayari kwa jina lake na faini za barabarani za zamani zikiwa zimelipwa. Kuendesha gari ambalo mulkiya yake bado ina jina la mwenzako aliyekwisha kusafiri, kwa ahadi kwamba mtabadilisha akirudi, ni kujenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

Mwisho tunasema nanyi, wazazi na jamaa mlioko nyumbani, maana nanyi mna sehemu yenu. Picha ya kijana ameegemea gari hufika kwenye simu ya jirani, na siku ya pili mama anamwuliza mwanawe, mwenzako amenunua, wewe je? Swali hilo moja limewasukuma vijana kununua kwa pupa, kwa mkopo wa riba, au kwa mtu wa kwanza aliyejitokeza. Badala yake mwulizeni, mwanangu, gari hilo umelikagua? Lina deni? Mmeandikiana? Bima umeinunua wapi? Na akisema mwezi huu hatatuma kitu kwa kuwa amelipa bima halali, msinune. Bima ile inamlinda yeye, na kupitia kwake inawalinda ninyi.

Tena msimpe mwanenu shinikizo la kununua kwa fulani kwa sababu tu ni mtoto wa mtaa wetu. Mtoto wa mtaa wetu akiwa mwaminifu, hatachukia boneti kufunuliwa. Atalifunua mwenyewe. Na anayekasirika kwa kuulizwa hati amekwisha kukujibu.

Ndugu Waislamu, tumekulia tukisikia kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo, na kwamba tahadhari kabla ya hatari. Kijana wetu wa Tanga hakukosa moyo, wala hakukosa macho. Aliyafumba macho kwa heshima. Tumfundishe yeye na wadogo zake kwamba heshima ni kumkagulia ndugu gari lake mchana kweupe, kumlipa haki yake kamili, na kuandikiana mbele ya mashahidi, ili siku watakapokutana tena safu moja msikitini waweze kupeana mikono bila mmoja kuinamisha uso.

Mwenyezi Mungu aibariki mali ya wanaotafuta halali, awahifadhi walioko safarini, na atujaalie tuwe wakweli katika kuuza na kununua kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.